Kupachika Alama za Vijenzi Ndani ya Faili la Mchoro wa Saketi

Mada hii inakutana na masomo mawili. Upande mmoja ni elektroniki ya Fizikia, ambako umejifunza dayodi, transista na amplifaya ya hatua moja. Upande wa pili ni mafaili ya kompyuta: yanavyohifadhi taarifa na yanavyosafiri kutoka mashine moja hadi nyingine. Ukiulizwa maana ya kupachika alama, usijibu kwamba ni "kuweka alama za vijenzi kwenye mchoro". Jibu hilo halitakupa maksi, kwa sababu kila mchoro wa saketi una alama. Swali linataka kujua alama hizo zimehifadhiwa wapi.

Alama ya kijenzi ni kitu gani?

Kwenye daftari, alama ya rezista ni mstatili mdogo wenye waya mbili, basi. Kwenye programu ya kuchora saketi, alama ina mambo zaidi ya picha. Ndani yake kuna umbo linaloonekana, jina la kijenzi, majina ya miguu na namba za miguu. Namba za miguu ndizo zenye uzito kuliko vyote, na tutarudi kwake kwa mfano kamili, kwa sababu hapo ndipo pesa ya vijenzi hupotea.

Alama hukaa kwenye maktaba, yaani faili au folda yenye alama nyingi zilizopangwa kwa makundi: rezista, kapasita, transista, na kadhalika. Unapochora, unachukua alama kutoka maktaba na kuiweka kwenye karatasi ya mchoro. Programu inaweza kulirekodi tendo hilo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kurejelea. Faili la mchoro linaandika jina la alama tu pamoja na mahali ilipowekwa. Ni kama mtu anayeandika kwenye barua, "angalia ukurasa wa 40 wa kile kitabu changu." Anayepokea barua bila kuwa na kitabu hana cha kuangalia.

Njia ya pili ni kupachika. Faili la mchoro linanakili alama yenyewe, pamoja na mistari, majina na namba zake zote, na kuihifadhi ndani yake. Hapo mwandishi wa barua ameunakili ukurasa wote wa 40 na kuuweka ndani ya bahasha.

Jambo hili si geni kwako. Kwenye kutengeneza tovuti, tagi ya img haibebi picha. Inabeba jina la faili la picha. Ukihamisha ukurasa kwa flashi ukasahau folda ya picha, unabaki na kisanduku kitupu. Kwenye Word, kwa kawaida ukiingiza picha inapachikwa, ndiyo maana waraka wenye picha kumi unakuwa mzito, lakini unafunguka popote ukiwa na picha zake zote. Ukielewa mifano hii miwili umeshaielewa nusu ya mada.

Jinsi faili linavyoonekana ndani

Mafaili mengi ya michoro ya saketi ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuyafungua kwa Notepad na kuyasoma, na nakushauri ufanye hivyo angalau mara moja ukipata kompyuta.

Mfano mwepesi kuusoma ni wa programu iitwayo gschem, iliyomo katika mradi wa gEDA ulioanza mwaka 1998. Rezista iliyorejelewa huandikwa kwa mstari mmoja:

C 40000 50000 1 0 0 resistor-1.sym

Herufi C inasema hiki ni kijenzi. Namba mbili zinazofuata ni mahali kilipo kwenye karatasi, kwa mhimili wa x na wa y. Namba 1 inasema kijenzi kinaweza kuchaguliwa kwa kipanya, 0 ya kwanza ni pembe ya mzunguko, na 0 ya pili inasema hakikugeuzwa kama kwenye kioo. Mwisho kuna jina la faili la alama. Hakuna mstari hata mmoja unaoeleza rezista inafananaje. Umbo lote liko kwenye faili lile jingine.

Mchoraji akichagua amri ya kupachika, mstari hubadilika hivi:

C 40000 50000 1 0 0 EMBEDDEDresistor-1.sym

Baada ya mstari huo hufunguliwa mabano ya mraba, ndani yake yanaandikwa maelezo yote ya alama, kisha mabano yanafungwa. Neno lililoongezwa mbele ya jina linaiambia programu isihangaike kutafuta maktaba, kwa kuwa inachohitaji kinafuata hapo chini. Kwenye gschem mchoraji ndiye anayeamua. Asipochagua kupachika, alama zinabaki za kurejelewa.

KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa Ufaransa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ilipita njia ndefu zaidi. Hadi toleo la 5, faili la mchoro lilirejelea maktaba, na pembeni yake programu ilitengeneza faili la pili lenye nakala za alama zilizotumika, ambalo jina lake lilimalizikia na -cache.lib. Aliyemtumia mwenzake faili la mchoro peke yake na kusahau lile la pili alimtia taabuni: kama mwenzake hakuwa na maktaba zile zile, mahali pa vijenzi palionekana visanduku vyenye alama mbili za kuuliza. Toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, liliondoa tatizo hilo. Sasa faili lenye kiambishi .kicad_sch lina sehemu iitwayo lib_symbols, na humo nakala za alama zote zilizotumika hupachikwa bila mchoraji kuombwa chochote.

Angalia tofauti moja ndogo ambayo mtunzi wa maswali akiwa mjanja ataipenda. Gschem hupachika nakala kwa kila kijenzi kilichowekwa. KiCad hupachika nakala moja kwa kila aina ya alama, halafu kila kijenzi cha aina hiyo kinarejelea nakala hiyo iliyomo ndani ya faili lile lile. Zote mbili ni kupachika, lakini ukubwa wa faili hautoki sawa.

LTspice, inayotumiwa sana kujaribu saketi kabla ya kuijenga, imebaki kwenye njia ya kurejelea. Faili lake la .asc linataja jina la alama tu, na alama zinakaa kwenye mafaili ya .asy. Kwa rezista au kapasita ya kawaida hakuna shida, kwa sababu kila aliyesakinisha LTspice anazo. Shida inakuja ukichora alama yako mwenyewe. Hiyo lazima uiambatishe.

Mfano wa 1: transista iliyogeuka bila mtu kuigusa

Soma mfano huu polepole.

Wewe na mwenzako mnatengeneza amplifaya ya hatua moja kwa betri ya volti 9. Transista ni BC547. Rezista ya juu ya besi ni kΩ 47, ya chini ya besi ni kΩ 10, ya kolekta ni kΩ 2.2 na ya emita ni Ω 470. Wewe unachora saketi, mwenzako anatengeneza bodi.

Kwanza fanya hesabu, ukipuuza mkondo mdogo unaoingia kwenye besi.

Volti ya besi = 9 × 10 ÷ (47 + 10) = V 1.58

Volti ya emita = 1.58 − 0.7 = V 0.88

Mkondo wa emita = 0.88 ÷ 470 = mA 1.87

Volti inayopotea kwenye rezista ya kolekta = 1.87 × 2.2 = V 4.1

Volti ya kolekta = 9 − 4.1 = V 4.9

Kolekta imekaa karibu na katikati ya volti za betri, kwa hiyo sauti ina nafasi ya kupanda na kushuka. Saketi ni nzuri.

Sasa tuje kwenye miguu. Ishike BC547 upande bapa ukikutazama, miguu ikielekea chini. Kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. Ukiishika 2N3904 vivyo hivyo, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Zote ni NPN, zote zina umbo lile lile jeusi, na alama yao ya kuchora ni ile ile ya duara lenye mshale. Kinachotofautiana ni namba: kwenye BC547 mguu wa 1 ni kolekta, na kwenye 2N3904 mguu wa 1 ni emita.

Tuseme programu yenu inatumia njia ya kurejelea, na wewe umechora kwa alama iitwayo npn.sym, ambayo kwenye maktaba yako imepewa namba za BC547. Unampa mwenzako faili la mchoro kwa flashi. Kompyuta yake nayo ina alama iitwayo npn.sym, ila ilitengenezwa na mtu aliyekuwa akitumia 2N3904. Programu inatafuta jina, inalikuta, inachora. Hakuna onyo. Mchoro unaonekana sawasawa na wako kwa macho, isipokuwa vijinamba vidogo pembeni mwa miguu, ambavyo watu wengi huvizima ili mchoro uwe safi.

Mwenzako anatengeneza bodi. Programu inapeleka waya wa rezista ya kolekta kwenye tundu namba 3 na waya wa rezista ya emita kwenye tundu namba 1. Anachomelea BC547, ambayo kolekta yake ni mguu wa 1. Transista sasa inafanya kazi kinyumenyume.

Transista iliyogeuzwa hivyo haifi ganzi kabisa, na hilo ndilo linalochosha. Hupitisha mkondo kidogo, lakini ukuzaji wake unakuwa mdogo sana. Ukipima mahali palipotakiwa kuwa kolekta unakuta volti iliyo juu sana, karibu na ile ya betri, badala ya V 4.9. Zaidi ya hapo, kiungio cha besi na emita sasa kimewekewa volti za kinyume, na datashiti ya BC547 inaweka kikomo cha volti 6 tu kwa kiungio hicho. Kwa betri ya volti 9 kikomo kinaweza kupitwa na transista ikaharibika. Hapo mtabadilisha kapasita, mtachomelea upya, mtanunua spika nyingine, na kosa halitaonekana, kwa sababu mchoro kwenye kompyuta yako bado uko sahihi na hesabu zako ni sahihi.

Alama ingepachikwa, namba za miguu zingesafiri pamoja na mchoro, na jina la npn.sym kwenye kompyuta ya mwenzako lisingekuwa na nafasi ya kuingilia. Ukiulizwa faida ya kupachika, hii ndiyo faida kubwa, na iandike kabla ya ile ya "faili hufunguka popote". Alama iliyokosekana unaiona mara moja ukamwuliza mwenzako. Alama iliyobadilika chini ya jina lile lile huwezi kuiona.

Zingatia: maktaba za KiCad hupunguza hatari hii kwa kuandika mpangilio wa miguu ndani ya jina la alama, kwa mfano Q_NPN_CBE na Q_NPN_EBC. Ni desturi nzuri kuifuata hata unapotengeneza alama zako.

Hasara za kupachika

Hasara ya kwanza ni kwamba nakala iliyopachikwa haifuati tena maktaba. Ukigundua kosa kwenye alama ukalirekebisha ndani ya maktaba, michoro kumi uliyokwisha kuichora inabaki na kosa lile lile. Lazima ufungue kila mmoja na kuagiza alama zisasishwe kutoka maktaba. KiCad ina amri ya kufanya hivyo, lakini haifanyi yenyewe, na nadhani ni busara isifanye: mchoro uliokwisha kujengwa na kufanya kazi hautakiwi kubadilika kwa sababu mtu amegusa maktaba.

Ya pili ni ukubwa wa faili. Wanafunzi hupenda kuitaja ya kwanza, lakini kwa flashi za siku hizi ni hasara ndogo. Itaje, ila usiitegemee.

Vitu ambavyo havimo ndani

Hapa ndipo watahiniwa wazuri hupoteza maksi. Wakishajua kwamba alama imepachikwa, wanaandika kwamba "kila kitu kimo ndani ya faili." Hapana.

Mchoro mkubwa hugawanywa katika karatasi kadhaa, na kwenye KiCad karatasi ndogo iliyoitwa kutoka karatasi kuu ni faili linalojitegemea. Ukituma karatasi kuu peke yake, alama zake zitaonekana, lakini zilizo kwenye karatasi ndogo hazitakuwepo.

Nyayo za kijenzi, yaani mpangilio wa matundu na shaba yake kwenye bodi, ni habari nyingine. Faili la mchoro la KiCad linabeba jina la nyayo tu. Nyayo zenyewe zimo kwenye faili la bodi, lenye kiambishi .kicad_pcb. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza bodi mpya kutokana na mchoro wako lazima awe na maktaba ya nyayo.

Modeli za kujaribia saketi kwa kompyuta na zile za umbo la kijenzi kwa pande tatu pia kwa kawaida hukaa nje. KiCad toleo la 9, la mwaka 2025, limeruhusu mafaili ya namna hii nayo kupachikwa, ila mchoraji ndiye anayechagua.

Na kupachika hakutibu tatizo la matoleo. Faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya la KiCad halifunguki kwenye toleo la zamani, hata kama alama zake zote zimo. Kabla ya kugawana kazi, ulizaneni matoleo.

Kama mpokeaji anataka kutazama tu, asihariri chochote, mpe PDF. Inafunguka hata kwenye simu, na haihitaji programu ya kuchora saketi.

Mfano wa 2: ukubwa wa faili

Swali. Mchoro una rezista 40, kapasita 15 na transista 5 za aina moja. Bila alama, faili lina kilobaiti 12. Chukulia kila alama ina kilobaiti 2. Tafuta ukubwa wa faili iwapo programu inapachika (a) nakala kwa kila kijenzi, (b) nakala moja kwa kila aina. (maksi 4)

Jibu. (a) Idadi ya vijenzi = 40 + 15 + 5 = 60. Alama zinachukua 60 × 2 = 120. Jumla = 120 + 12 = kilobaiti 132.
(b) Aina ni 3. Alama zinachukua 3 × 2 = 6. Jumla = 6 + 12 = kilobaiti 18.

Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye (b) ni kusahau kilobaiti 12 za mwanzo. Soma swali hadi mwisho.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kurejelea alama na kupachika alama kwenye faili la mchoro wa saketi. (maksi 4)

2. Mwanafunzi A amemtumia B faili la LTspice lenye alama aliyoichora mwenyewe. B akilifungua, rezista na kapasita zinaonekana, ila kijenzi kimoja hakipo. Eleza sababu na utatuzi. (maksi 3)

3. Mwalimu amerekebisha namba za miguu ya alama ya transista kwenye maktaba ya maabara. Mchoro wa KiCad toleo la 6 uliohifadhiwa kabla ya marekebisho unafunguliwa siku inayofuata. Je, alama kwenye mchoro itakuwa ya zamani au mpya? Toa sababu. (maksi 3)

4. Saketi ya Mfano wa 1 imejengwa, na volti kwenye waya wa rezista ya kolekta inasoma V 8.2. Taja vitu viwili utakavyovikagua kabla ya kubadilisha kijenzi chochote. (maksi 2)

5. "Mchoro wenye alama zilizopachikwa unatosha kumwezesha mtu yeyote kutengeneza bodi." Jadili kauli hii. (maksi 5)

Majibu kwa kifupi

1. Kurejelea: faili lina jina na mahali pa alama, umbo na namba za miguu ziko kwenye maktaba ya nje, maktaba ikikosekana au ikibadilika, mchoro unaathirika. Kupachika: faili lina nakala kamili ya alama, mchoro haitegemei maktaba ya kompyuta inayoufungua.

2. LTspice hurejelea alama. Rezista na kapasita zimo kwenye kila kompyuta yenye programu hiyo, lakini alama ya A iko kwake tu. A amtumie pia faili la .asy, na modeli yake kama ipo, B aviweke pamoja na mchoro.

3. Ya zamani. Nakala iliyopachikwa haibadiliki hadi mchoraji aagize isasishwe kutoka maktaba.

4. Mpangilio wa miguu ya transista iliyotumika kulingana na datashiti yake, na namba za miguu kwenye alama ya mchoro uliotumika kutengeneza bodi.

5. Si kweli yote. Alama hubeba miunganisho na namba za miguu, lakini nyayo, karatasi ndogo za mchoro na modeli zinaweza kuwa nje, na toleo la programu lazima lilingane. Maksi kamili zinapatikana ukitoa angalau mfano mmoja wa kila upande.